Waandishi wa Burundi sio waoga, tuelewane

Kuna mdau kauliza kwa nini Burundi ipo hapa jirani tu ila habari zake hatuzipati, af akamalizia kwamba labda waandishi wao ni waoga. Mimi nimekaa Bujumbura miaka mingi, mtaa wa Buyenzi, na kabla ya 2015 nilikuwa naipelekea redio moja ya binafsi taarifa za sokoni na mitaani, sasa hilo neno waoga limeniuma, ngoja nieleze.

Kwanza Burundi habari ni redio. Magazeti mengi ni ya Kifaransa, yanasomwa na wasomi wa mjini, ila mkulima wa Kirundo au Rutana alikuwa anasikiliza Kirundi chake kwenye karedio ka betri na anapiga simu studio kulalamika diwani kala hela ya mbolea. Redio ya binafsi ya RPA waliitwa sauti ya wasio na sauti na kweli walikuwa hivyo. Januari 2015 mkurugenzi wao Bob Rugurika aliwekwa ndani baada ya redio kurusha taarifa kuhusu mauaji ya wale masista watatu wa Kitaliano pale Kamenge, mtaa wa Bujumbura, na Februari alipoachiwa kwa dhamana watu walijaa barabarani kumpokea, wengine kwa miguu wengine kwenye pikipiki, yaani mwandishi anapokelewa kama timu imeleta kombe. Huo ndo uoga?

Af ikaja Mei 13. Rais Nkurunziza yupo Dar kwenye kikao cha marais, Jenerali Niyombare anatangaza kumpindua, na tangazo likasikika redio za binafsi. Mapinduzi yakafeli na ndani ya siku mbili hivi redio za RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zikavamiwa, mitambo ikachomwa au kuvunjwa, hata Rema FM iliyokuwa upande wa serikali nayo ilichomwa na upande wa pili. Asubuhi tunawasha redio, mawimbi yote tuliyozoea ni kelele tupu, imebaki ya taifa. Waandishi wengi wakakimbia, wengi wao Kigali, wenzangu niliokuwa nawapelekea taarifa nikaja kuwasikia wakiwa huko.

Waliobaki ndo hao mnaowaita waoga. Jean Bigirimana wa gazeti la Iwacu alitoka nyumbani Julai 22, 2016 na hadi leo hajulikani alipo. Oktoba 2019 wenzake wanne wa gazeti hilohilo wakaenda Bubanza kufuatilia taarifa za mapigano, wakakamatwa, na Januari 2020 wakafungwa miaka miwili na nusu, wakaja kutoka kwa msamaha wa rais Desemba. Yaani kosa ni kwenda kuangalia.

Nakubali baada ya rais Ndayishimiye kuingia 2020 kuna vitu vimefunguka, Bonesha imerudi hewani 2021, BBC waliruhusiwa tena 2022. Ila leseni ni kitu kimoja na mtu wa kukuambia habari ni kitu kingine, na hapa ndo nataka mnielewe. Yule mama muuza ndagala (dagaa) aliyekuwa ananipa bei bila wasiwasi na jina lake juu, saa hizi ukimpigia anakuambia mwanangu usiniulize hayo kwenye simu. Ni bei ya samaki tu hiyo! Kwa sababu bei ya samaki inafika kwenye petroli, petroli inafika kwenye dola, dola inafika kwa wakubwa. Rafiki yangu aliyebaki kwenye kazi anapata habari nyingi tu, shida hapati mtu wa kusimama nyuma yake kwa jina, na mhariri hawezi kurusha kitu chenye shahidi asiyejulikana wakati anajua anaweza kuitwa kujieleza.

Na WhatsApp sio kimbilio kama mnavyodhani. Mwandishi Sandra Muhoza alikamatwa Aprili 2024 kule Ngozi, kaskazini mwa Burundi, kwa ujumbe wa kwenye grupu la waandishi, Desemba akahukumiwa miezi 21.

Kwa hiyo mkuu ukitaka habari za Burundi fuatilia SOS Médias Burundi na Iwacu, zipo mtandaoni, Kifaransa kikikusumbua tumia tafsiri ya simu. Na hizi voisi mnazozirusha kwenye magrupu ya Kigoma zikiwa na jina la mtu na mtaa anaokaa, naomba kwa heshima zote, futa jina kwanza kabla hujafowadi, huyo mtu bado yuko kule.