Mgeni akiuliza vibaya, tumsahihisheje?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta hapa Mbale, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikijibu maswali katika jukwaa moja la mtandaoni. Mwezi uliopita kijana mmoja aliuliza kwa mara ya kwanza. Alianza kwa salamu ndefu, akajitambulisha, kisha akasema programu yake "inakataa", bila kuonyesha msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, wala ujumbe wa kosa. Nilifuta salamu zake, nikamwandikia kwamba swali halieleweki na asome kanuni kwanza. Hakurudi tena. Wenzangu wanasema nilitenda sawa. Je, ningemsahihishaje bila kushusha kiwango cha jukwaa letu?
Msomaji, Mbale

JIBU: Ndugu msomaji, swali la kijana huyo lilikuwa na upungufu kweli, na ulikuwa na haki ya kusema hivyo. Kosa lako, kwa maoni yangu, lilianzia kwenye salamu.

Kwetu Uganda mtoto hufundishwa kusalimia kabla ya kueleza shida yake, na miongoni mwa Baganda salamu huweza kuchukua muda mrefu kabla ya jambo lenyewe kutajwa. Majukwaa kama Stack Overflow, lile la maswali na majibu ya waandishi wa programu lililoanzishwa mwaka 2008, yana desturi iliyo kinyume: salamu na shukrani huondolewa ili swali lisomeke upesi na wengi watakaolitafuta baadaye. Sababu hiyo ni njema, lakini mgeni haioni. Anachokiona ni kwamba ameingia nyumbani kwa watu, akabisha hodi kwa heshima, na mwenye nyumba akamfunika mdomo. Ukilazimika kufuta salamu, basi zijibu, na useme kwa nini umezifuta.

Pili, neno "halieleweki" halimpi mtu kazi ya kufanya. Ungeweza kumwandikia hivi: "Karibu, ndugu. Nimeondoa salamu kwa kuwa maswali ya hapa huhifadhiwa kwa ajili ya watakaokuja baadaye; sikukusudia kukudharau. Tafadhali bonyeza palipoandikwa 'hariri', kisha ubandike ujumbe wa kosa unaoupata pamoja na mistari ya msimbo inayohusika, nasi tutaweza kukusaidia." Kiwango hakikushuka hata kidogo, kwa sababu umedai yale yale uliyoyadai mwanzo, ila safari hii umemwonyesha pa kuyaweka. Kanuni nazo ni ndefu. Mpe kiungo cha aya moja inayomhusu.

Hali kadhalika swali likiwa limekwisha kuulizwa. Tunapenda kumwambia mgeni "tafuta kwanza", tukisahau kwamba ili utafute ni lazima ulijue jina la tatizo lako, na mara nyingi jina hilo ndilo hasa asilolijua. Mpe kiungo cha jibu la zamani, umtajie neno ambalo angelitumia kutafuta, na umweleze ni sehemu gani ya jibu hilo inayofanana na shida yake. Ikiwa swali lazima lifungwe, yaani lizuiwe kupokea majibu mapya, lifunge, lakini mwambie pia jinsi linavyoweza kufunguliwa tena akilirekebisha.

Wala usidhani kwamba upole huu ni udhaifu wetu sisi. Mwaka 2018 wasimamizi wa Stack Overflow walikiri hadharani kwamba jukwaa lao halikuwa likiwakaribisha watu vya kutosha, na mwaka huo huo wakaanza kuweka alama kwenye machapisho ya wachangiaji wapya ili wanaojibu wawe na subira. Hawakufuta utaratibu wa kufunga maswali. Wikipedia ya Kiingereza nayo ina mwongozo unaowasihi wahariri wasiwang'ate wageni.

Niongeze neno kuhusu lugha. Ingawa Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, wengi wetu bado tunajifunza. Mgeni akikosea upatanisho wa ngeli na maana ikabaki wazi, sahihisha kimya kimya. Usimwandikie maoni ya hadharani juu ya sarufi wakati alichokuja kuomba ni msaada wa programu.

Kuhusu kijana wako, ikiwa swali lake bado lipo, rudi leo ufute maoni yako ya kwanza, umwandikie upya, umwombe radhi kwa salamu zile, kisha umwombe ule ujumbe wa kosa.