Maswali na Majibu: Namba za Matoleo ya Programu Huria

Baada ya toleo 1.9, ni lazima twende 2.0? (Mkokotoni)

Hapana, linafuata 1.10. Swali hili limejibiwa mara nyingi mno. Namba za matoleo si desimali, na lugha ya programu ya Python yenyewe ilitoka 3.9 ikaenda 3.10 mwaka 2021.

Maktaba yetu ya msimbo ya kukokotoa saa za maji kujaa na kupwa inatumiwa na programu ya wakulima wa mwani. Tulipoona kosa katika 1.4.2 tulisahihisha na kupandisha faili upya kwa namba ileile, kwa kuwa toleo lilikuwa halijamaliza siku moja. Kuna ubaya? (Fuoni)

Ubaya upo, tena mkubwa. Toleo lililokwisha kutolewa haliguswi, na kanuni za matoleo ya kisemantiki (Semantic Versioning, ambamo namba ya kwanza hupanda msimbo wa watumiaji unapovunjika, ya pili kwa nyongeza, ya tatu kwa masahihisho) zinalikataza jambo hilo waziwazi. Sasa watu wawili wana 1.4.2, mmoja Paje na mwengine Jambiani, simu zao zinaonesha saa tofauti, na wakikuleteeni malalamiko hamtaweza kujua nani ana faili lipi. Mitambo inayohakiki alama ya utambulisho ya faili (checksum) italikataa kabisa, ikidhani limechezewa. Toeni 1.4.3, namba haziishi.

Na kwa kuwa mnashughulika na saa, ninaongeza onyo ambalo hamkuliuliza. Siku mtakapoacha kutoa majibu kwa UTC (saa ya kimataifa) na kuyatoa kwa saa za Afrika Mashariki, msiseme ni sahihisho dogo kwa sababu jina la fanksheni ni lilelile: programu iliyokuwa ikiongeza saa 3 itaendelea kuziongeza, na mkulima ambaye maji yake yamekupwa saa 4 asubuhi ataambiwa ashuke saa 7 mchana, bahari imerudi nusu. Hilo ni 2.0.0, hata kama mstari uliobadilika ni mmoja.

Je, tufuate mwaka na mwezi kama Ubuntu? (Chake Chake)

Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, ilianza na 4.10 kwa sababu ilitoka Oktoba 2004, na mtindo huo unaifaa kwa kuwa hutoka kwa ratiba. Kwa maktaba inayotegemewa na programu nyengine haufai, kwani tarehe humwambia mtumiaji umri wa toleo, haimwambii iwapo msimbo wake utavunjika akilipokea. Wala msijitetee kwa Linux, kiini cha mifumo endeshi kama Ubuntu, iliyotoka 2.6.39 ikaenda 3.0 mwaka 2011 bila badiliko kubwa: Linus Torvalds, mwanzilishi wake, ana sheria kali ya kutovunja programu za watumiaji, na nyinyi hamjaweka yenu.

Programu yetu ya mahudhurio ya skuli bado ni 0.8, tunaogopa kuiita 1.0. (Wete)

Ikiwa walimu wanaitumia kila siku, 1.0.0 imekwisha kuchelewa. Kubakia kwenye sifuri ni kujipa ruhusa ya kuvunja kitu chochote wakati wowote, na walimu hao hawakukupeni ruhusa hiyo.