Pazia la nyumba ya kupanga ni juu ya nani, mwenye nyumba au mpangaji?

SWALI: Assalam alaykum shehe. Tumehamia nyumba ya kupanga huku Mbagala, vyumba viwili na sebule, tumelipa kodi ya miezi sita na hela ya dalali juu. Madirisha ni ya alminiamu vioo vyeupe, alafu kibaraza chetu ndo njia ya wapangaji wenzetu kwenda bombani. Mume wangu anasema pazia ni juu ya mwenye nyumba, hanunui. Mwenye nyumba anasema yeye kapangisha nyumba sio vitambaa. Wiki ya pili hii navaa ushungi mpaka chumbani. Nani mwenye haki? Na tukinunua sisi tunaweza kukata kwenye kodi, au kuondoka nayo tukihama?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah dada yangu. Kwanza pole, maana kukaa na ushungi chumbani kwako mwenyewe sio jambo dogo.

Nianze na mwenye nyumba. Kwenye madhehebu yetu ya Shafi anayepangisha anatakiwa akukabidhi ufunguo na nyumba inayokalika, yaani paa lisilovuja, mlango unaofunga, dirisha lenye kioo na komeo lake, na kikiharibika kitu cha nyumba yenyewe bila kosa lako atengeneze yeye, akigoma wewe una hiari ya kuvunja mkataba. Pazia haliingii humo moja kwa moja, hapo tunaangalia mkataba, na mkataba ukinyamaza tunarudi kwenye ada, yaani mazoea ya watu wa mji, kwasababu wanazuoni wana kanuni kwamba kilichozoeleka ni kama kilichoshurutishwa. Na ada ya Dar kila mtu anaijua, mtu anahama na pazia zake kama anavyohama na godoro lake. Kwahiyo hapa mwenye nyumba hana kosa. Ingekuwa mmepangishwa nyumba yenye fenicha zote, au dalali kwa idhini yake aliwaambia mapazia yapo ndani ya kodi, hapo ingekuwa deni juu yake, Mtume (s.a.w) amesema Waislamu wako kwenye masharti yao.

Sasa mumeo, na naomba umsomee hapa. Shemeji yangu, makazi ya mke ni wajibu wako, Allah katika Surat Talaq aya ya 6 ameamrisha hata wake walioachwa walio kwenye eda wakalishwe kwa kadiri ya uwezo wa mume na wasidhikishwe, sembuse mke aliye ndani ya ndoa, na makazi ambayo mke hawezi kuvua ushungi hayajatimia bado. Hata kama ungekuwa na haki kwa mwenye nyumba, ungeidai huku dirisha limeshazibwa, sio mkeo asubiri mpaka nyie wawili mmalize ubishi. Na usiku ndo mbaya zaidi, taa ikiwaka ndani wa nje anaona kila kitu na wewe humuoni. Kama hela imeishia kwenye kodi, tundika hata shuka au khanga leo hii, pazia la duka litakuja mwisho wa mwezi, wala hakuna anayekudai kitambaa cha bei.

Jambo la sitara ya nyumba limetajwa sana kwenye dini jamani. Abu Dawud kwenye kitabu chake cha hadithi amepokea kwamba Mtume (s.a.w) akifika mlangoni kwa watu hakusimama kuuelekea, alikaa upande wa kulia au wa kushoto, kwasababu nyumba za wakati ule hazikuwa na mapazia. Na kwenye Bukhari na Muslim kuna yule mtu aliyechungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume, akaambiwa lau angejulikana anachungulia angechomwa jicho, na kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya macho. Kwahiyo na hao majirani wanaopita na ndoo wana wajibu wa kuinamisha macho, waambieni kwa uzuri, ila msitegemee macho ya watu kuwa ndo pazia lenu.

Kukata kwenye kodi bila makubaliano haifai, ni kula mali ya mtu bila ridhaa yake. Akikubali sawa, ila iwe kwa maandishi, hata meseji inatosha, na mtaje kabisa ni shilingi ngapi.

Na mkihama, pazia mliyonunua ni yenu, chuma chake pia ni chenu, ila kabla ya kutoboa ukuta muombeni ruhusa na mkitoa muzibe matundu, Mtume (s.a.w) amekataza kudhuru. Kama chuma mlikikuta hapo basi ni amana mikononi mwenu, kikichakaa kwa matumizi ya kawaida hamdaiwi, mkikivunja kwa uzembe mnalipa. Na kama chuma mlinunua nyie alafu mwenye nyumba akakubali bei yake ikatwe kwenye kodi yenu, hicho chuma ni cha mwenye nyumba, kiacheni.

Wallahu aalam.