Masika si Likizo ya Baiskeli

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Urambo ameniandikia: "Kaka shikamoo. Tangu mwezi wa sita naendesha kila wikiendi, na baiskeli ya Phoenix ya marehemu baba imeshanifikisha Tabora na kunirudisha siku hiyohiyo. Sasa mvua zinakaribia. Niiweke ndani mpaka mwezi wa tano, au unanishauri nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu fupi ni kwamba usiiweke ndani. Jibu refu ndilo hili, na litakuwa refu kweli, maana umeuliza jambo ninalolipenda na ambalo bado linaniuma kidogo.

Sisi tunaosomana hapa hatununui baiskeli ya kwendea sokoni tu. Tunataka kilomita. Na ukishazoea kilomita 100 za kiangazi, utaanza kuitamani 200, usinidanganye. Kwa wenzetu wa Ufaransa hiyo 200 ina utaratibu wake wa miaka mingi. Klabu iitwayo Audax Club Parisien, iliyoanza 1904, huandaa safari za kilomita 200, 300, 400 na 600, na ile ya 200 unatakiwa uimalize ndani ya saa 13 na nusu. Hakuna mshindi wa kwanza wala wa pili, kuna aliyemaliza ndani ya muda na ambaye hakumaliza. Marekani nao wana Randonneurs USA, na hao ndio walionitia wazimu kwa kitu wanachokiita R-12: kilomita 200 au zaidi, angalau mara moja kila mwezi, miezi 12 mfululizo. Ukiruka mwezi mmoja, unaanza upya.

Mimi si mwanachama wao na hapa mtaani kwetu Ng'ambo, Tabora mjini, hakuna wa kunipa tuzo. Nilichukua sheria, tuzo nikawaachia. Shida niliiona palepale kwenye kalenda. Tabora mvua inaanza Novemba na kuisha Aprili, na milimita 900 na ushee za mwaka karibu zote zinamwagika humo. Juni hadi Septemba ni kukavu kabisa na kila mtu ni mwanabaiskeli. Miezi 12 mfululizo ina maana nusu yake ni masika, upende usipende.

Njia yangu wewe unaijua. Natoka Ng'ambo, napita Tumbi, Usoke, naingia Urambo kama kilomita 90, naongeza kumi hivi kuelekea Kaliua, nageuza. Ni lami, na masika lami ndiyo rafiki. Zile njia za mbugani zenye udongo mweusi usizijaribu kabla ya Mei. Udongo ule unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na utaibeba baiskeli begani huku ukiulizwa maswali na watoto.

Tulikuwa kikundi. Tulianza pamoja kiangazi, picha nyingi, fulana za kufanana. Mvua ya kwanza ya Novemba iliponyesha, mmoja akawa na harusi, mwingine goti, mwingine shamba. Shamba nalielewa, huo ndio msimu. Hao wengine nawaachia Mungu. Novemba mpaka Februari hazina hadithi: nilikwenda, nikalowa, nikarudi. Machi ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Nilitoka saa kumi alfajiri kama kawaida. Kumbuka jua letu la Tabora linachelewa karibu nusu saa nyuma ya lile la Dar es Salaam, maana tuko magharibi na saa tunatumia ileile. Ukitoka saa kumi utaendesha gizani zaidi ya saa mbili. Taa ya simu haitoshi, nunua taa ya kweli ya mbele, na nyuma weka nyekundu, kwa sababu malori ya alfajiri hayana subira. Asubuhi ilikuwa nzuri, nikanywa chai ya rangi na chapati Urambo, nikaenda kugeuza, nikaanza kurudi. Saa saba mchana mbele yangu, upande wa Usoke, mbingu ikawa nyeusi tii.

Radi ya kwanza nilihesabu. Ukiona mwanga unaanza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, na kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Sikufika hata kumi. Kanuni yangu ni kwamba chini ya 30 unatafuta paa, na unakaa chini ya paa hilo mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Usikimbilie mwembe, hasa ule uliosimama peke yake. Na asikwambie mtu kwamba matairi ya mpira yatakukinga. Hayakukingi na lolote.

Paa nililoliona lilikuwa bani la tumbaku, yaani banda la kukaushia majani yake. Huu ndio msimu wa kukausha tumbaku ya mvuke, kwa hiyo moto ulikuwa unawaka kwenye tanuri. Mzee mwenye bani alinitazama nilivyolowa, akaniuliza kwa upole, "Pole mwanangu, msiba uko wapi?" Nikamwambia hakuna msiba mzee, naendesha tu. Alinyamaza muda, akanisogezea kigoda na hindi la kuchoma. Soksi nilizianika karibu na mdomo wa tanuri zikakauka kama biskuti. Mvua ilipiga karibu saa nzima. Nilikuwa na muda huo wa kupoteza kwa sababu kilomita nyingi nilishazimaliza asubuhi. Ningetoka saa kumi na mbili, mvua ingenikuta mbali zaidi na nyumbani, na giza lingeniingilia njiani.

Baada ya hapo matone yalikuwa ya hapa na pale. Kuanzia Tumbi lami ilikuwa kavu kabisa, huko hata haikunyesha. Nikaingia Ng'ambo dakika chache kabla ya saa kumi na moja na nusu, ndani ya saa 13 na nusu, Machi imekamilika. Nikapiga picha mlangoni kwangu, nikaituma kwa wenzangu.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mmoja wa wale wa fulana za kufanana: "Mvua ya wapi hiyo isiyolowesha soksi? Fuso lilikuwa na nafasi?" Wakacheka wote, na hadithi ikatembea mtaani kwamba napakia baiskeli kwenye lori, nashuka Tumbi, namalizia kwa picha. Soksi za bani! Sikujibu. Aprili nilikwenda tena, nikamaliza mzunguko wangu, na picha sikuituma kwa mtu. Aliyesema vile hajaniomba radhi mpaka leo, na baiskeli yake nimeiona ukutani kwao, buibui ameweka makazi kwenye spoki.

Sasa ushauri wenyewe. Wa kwanza umeshausikia: toka mapema. Mvua zetu mara nyingi zinajijenga mchana, kwa hiyo kilomita unazomaliza kabla ya saa sita ni zako. Wa pili unafanana nao: toka mapema ndani ya mwezi pia. Panga Jumamosi ya kwanza. Ikiharibika kwa mvua, homa au mgeni wa ghafla, zimebaki nyingine. Wanaosubiri "hali ya hewa itulie" wanajikuta tarehe 29, kunanyesha, na mwezi umekwenda.

Vyombo ni vichache. Chukua tyubu mbili za akiba, si kiraka na gundi peke yake, kwa sababu tyubu ikilowa kiraka hakishiki, na masika pancha zinaongezeka kwa kuwa maji yanasukuma vioo na miiba mpaka barabarani. Cheni ifute kwa kitambaa ndipo utie oili, tena kidogo. Wanaomwagia oili chafu ya pikipiki wanatengeneza gundi ya kubebea mchanga, na cheni inalika kabla ya Krismasi. Breki za rimu zikilowa hazishiki mara moja, kwa hiyo anza kuzibonyeza taratibu mapema ili mpira ufute maji kwanza. Shimo lililojaa maji lizunguke. Maji yakipita juu ya barabara kwa kasi, simama, hata kama saa inakwenda.

Mwilini, mapajani paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka, si baada ya kuanza kuungua. Viatu vya kitambaa vitakutesa siku nzima. Mimi navaa katambuga, na soksi naziweka kwenye kopo lenye mfuniko mpaka baridi inibane. Chakula changu ni michembe (viazi vitamu vya kukausha), karanga na chupa ndogo ya asali. Siku ukiamua kwenda upande wa Sikonge na kuingia porini, usivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wanazipenda rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi, na wanafuata chochote kinachotembea. Baiskeli haina mwendo wa kuwakimbia.

Vijana wenzangu, tuache kusema mvua inatuzuia. Oulu, kule Ufini, watoto wanaendesha kwenda shule juu ya theluji. Sisi maji ya uvuguvugu yanatufanya tuuze baiskeli Desemba kwa bei ya kutupa na kununua nyingine Juni kwa bei ya juu. Halafu anayetoka tunamtafutia fuso. Kama mtu ameshindwa, aseme ameshindwa na tutampa pole, lakini asichunguze soksi za mwenzake.

Haya, mdogo wangu wa Urambo. Jumamosi ya kwanza ya Novemba mimi natoka Ng'ambo saa kumi alfajiri, na wewe toka kwenu muda huohuo. Tukutane Usoke, atakayechelewa analipa supu, kisha unisindikize mpaka nitakapogeuza. Ila njoo na tyubu zako mwenyewe. Zangu ni za 26, na Phoenix yako inakula 28.