Moyo wasukuma vizuri, mishipa je?

SWALI: Habari za kazi, dada. Nina miaka 52 na natumia dawa za presha. Juzi nilipimwa eko ya moyo, ripoti ikasema EF ni asilimia 62 na vali zinafunga vizuri. Nikashukuru, nikajua mishipa yangu haina shida. Sasa daktari ameniandikia ultrasaundi ya mishipa ya shingo. Si kipimo kilekile hicho? Au ananizungusha tu?

JIBU: Nzuri, kaka. Hakuzungushi. Eko nayo ni ultrasaundi, ila ya moyo: mashine ni za ukoo mmoja na jeli ni ileile ya baridi, ila tunachotafuta shingoni sicho tulichotafuta kifuani.

Tuanze na hiyo 62 ya EF, yaani asilimia ya damu inayotolewa na moyo kwa kila pigo. Chumba cha chini cha kushoto cha moyo kikijaa, tuseme, mililita 120 za damu, kila pigo linatoa kama 74. Zinazobaki si kasoro. Hakuna moyo unaojikamua mpaka ukauke, ingawa wapo wanaoondoka kwangu wamenuna kwa kutofikisha 100!

Basi hiyo ni nguvu ya kusukuma. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe ni habari nyingine. Upana wake ni milimita 3 au 4 hivi, inarukaruka kwa kila pigo, na mbele yake kuna mbavu na mapafu yaliyojaa hewa, na hewa ndiyo adui mkubwa wa ultrasaundi. Eko ya kawaida ya kifuani hainiambii kama imebanwa. Ninachoweza kuona ni athari: kipande cha ukuta wa moyo kinachosita wakati sehemu nyingine zinajikaza. Hata hilo halionekani kila mara, maana mshipa unaweza kuwa umebanwa zaidi ya nusu na mtu akilala ametulia kitandani, moyo wake usiwe na neno. Ndiyo maana wengine hupimwa eko pamoja na mazoezi, au kwa dawa inayouendesha moyo mbio.

Shingoni kazi ni nyepesi. Mshipa uko karibu na ngozi, kwa hiyo natumia probu (kile kifaa ninachopitisha juu ya ngozi) yenye mawimbi ya masafa ya juu, ambayo hayapenyi mbali mwilini lakini yanachora kinagaubaga. Naona ukuta wa mshipa, na utando wa mafuta kama umeshajijenga. Kisha nawasha Dopla kupima mwendo wa damu, kwa kuwa damu ikipita penye mbano huongeza kasi. Kwenye mshipa unaoingia ubongoni, kasi ya juu ikizidi sentimita 125 kwa sekunde tunashuku mbano wa nusu au zaidi. Ikizidi 230, asilimia 70 au zaidi. Mwenye majibu ya namna hiyo hacheleweshwi kuonana na mtaalamu, maana kiharusi kinamvizia.

Utando ukionekana shingoni, daktari ataitilia shaka na mishipa ya moyo, kwani ugonjwa huu hauchagui mshipa mmoja. Shingo safi, hata hivyo, si cheti cha moyo. Ripoti nyingine huandika pia unene wa ukuta kwa sehemu za milimita. Mimi namba hiyo siipi uzito, hubadilika kwa mkono wa mpimaji. Wewe uliza kama kuna utando, uko upande gani, na umebana kiasi gani.

Siku hiyo kula kama kawaida, meza dawa zako za presha, vaa shati lisilobana shingo, na ile ripoti ya eko uje nayo.