Karani wa Mizani Anauliza: Je, Kuogopa Ni Kukosa Imani?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni karani wa mizani katika ghala moja la dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Tangu nilipobatizwa dhamiri inanisuta, kwa sababu bosi ametuagiza tupunguze kilo mbili katika kila gunia kabla ya kuandika daftarini, na kila Jumamosi hutugawia elfu kumi ya asante. Kinamama wanaotuuzia wananiamini. Mmoja wao hajui kusoma, naye huniuliza, “Mwanangu, imesoma ngapi?” nami humtajia hesabu ya uongo huku nikitazama pembeni. Nataka kukataa, lakini mshahara huu ndio unaomsomesha mdogo wangu chuoni, na nikimfikiria bosi miguu inaisha nguvu. Je, hofu hii ni dalili kwamba sikuokoka sawasawa? Niache kazi? Na fedha nilizokwisha kupokea nizifanyeje?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hofu peke yake haikuondoi katika wokovu. Bwana Yesu mwenyewe, usiku wa Gethsemane, aliomba kikombe kimwondokee, na Luka anaandika kwamba jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Mtazame pia Petro usiku huohuo: bustanini alichomoa upanga mbele ya kundi lililokuja na silaha, kisha, saa chache baadaye, uani kwa kuhani mkuu, akamkana Bwana wake kwa sababu ya neno la kijakazi. Makanisani tunapenda kuwasimulia vijana habari za mashahidi waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886, na ni vema, lakini mara chache tunawahubiria juu ya mizani, ingawa Mithali 11 inasema waziwazi kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Kwa maoni yangu hapo tumewapunja.

Katika Luka 14 Yesu anasema kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Anawaambia maneno hayo makutano waliokuwa tayari wanamfuata, maana hakutaka mtu yeyote aje kwake bila kujua atakachopoteza. Basi nawe uketi. Andika mshahara ni kiasi gani, karo ya mdogo wako imebaki kiasi gani, na nani katika ukoo anaweza kusaidia ukisimamishwa. Usihesabu peke yako, kwa kuwa karo hiyo inamhusu mdogo wako na wazazi pia, na huenda wao wakawa tayari kubana matumizi kuliko unavyowadhania. Hofu isiyohesabiwa huwa kubwa kuliko hasara yenyewe. Ikiandikwa kwenye karatasi, walau unajua unapambana na nini.

Wala usiubebe mzigo huu bila wenzako. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alipompinga Idi Amin kwa barua, maaskofu wenzake waliiweka sahihi pamoja naye, ingawa aliyeuawa tarehe 16 mwezi huo ni yeye. Jambo lako ni dogo kuliko hilo, lakini mweleze mchungaji wako na mzee mmoja wa kanisa kabla ya kumkabili bosi, ili siku hiyo wawepo watu wanaokuombea na wanaojua umekwenda kusema nini.

Kuhusu kuacha kazi, nasema usianze na hilo. Kilicho dhambi ni zile kilo mbili, na ukarani wa mizani si dhambi. Mwendee bosi faraghani, kwa adabu, umwambie: “Bosi, kuanzia leo nitaandika kile mizani inachosoma, na elfu kumi ya Jumamosi sitaipokea.” Usimhubirie wala usimtaje mbele ya makarani wenzako. Anaweza kukubali, anaweza kukuhamishia kwenye kupakia magunia, anaweza kukufukuza. Zipo shuhuda nyingi za watu waliofukuzwa wakapata kazi bora mwezi uliofuata, nami siwapingi, ila siwezi kukuahidi jambo ambalo Bwana hakuahidi. Naye akiendelea kuwapunja kinamama baada ya kuonywa, Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo, na kuwapelekea taarifa si usaliti.

Fedha ulizopokea si zako. Wengi wangekushauri uzitoe sadaka, lakini Zakayo katika Luka 19 aliahidi kuwarudishia wale aliowanyang'anya, tena mara nne. Kwa kuwa daftari unalishika wewe, unaweza kujua ni nani aliuza magunia mangapi. Anza na yule mama asiyejua kusoma: mweleze kilichofanyika, umtake radhi, umlipe kidogo kidogo kadiri utakavyoweza, naye akikukasirikia, mwache aseme mpaka amalize.