Jibu: Mpangilio wa tabaka unapochora farasi kwa rangi za aina mbalimbali

Ndugu, umeuliza kwa nini rangi ya akriliki inabanduka pale ulipotangulia kuchora manyoya ya shingo ya farasi kwa pasteli za mafuta, yaani vijiti vya rangi vyenye mafuta. Akriliki huchanganywa kwa maji, nayo haishiki juu ya mafuta; kwa hiyo anza na mkaa wa kuchorea, upulizie dawa ya kuuzuia usifutike, kisha upake akriliki, na pasteli zije mwisho kabisa. Mimi hukaa muda mrefu zaidi kwenye hatua ya mkaa ili niweke viungo vya miguu mahali pake, kwani kile kiungo cha mguu wa nyuma kinachochomoza kuelekea nyuma, ambacho wengi hukidhania kuwa goti, kwa hakika ni kifundo cha mguu, na goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo.